Pedali ya Korasi na Kwaya Yetu

Hotuba ya katibu wa kwaya katika semina ya wanakwaya na waumini, juma la kuelekea sherehe ya jubilii ya miaka 25. Inachapishwa hapa kwa ombi la kamati.

 

Nimepewa dakika ishirini, na mwenyekiti ameniambia kwamba saa iko mkononi mwake. Wenzangu wameshazungumza juu ya historia ya kwaya, sare, na mradi wa viti. Mimi nimeombwa nizungumze juu ya kile kisanduku cha buluu kinachokaa miguuni pa mpiga gitaa letu la solo. Nimeombwa kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ndiye niliyekinunua. Pili, wengi wenu mmekuwa mkiuliza, wengine kwa upole na wengine bila upole, kinafanya kazi gani na kwa nini kilitugombanisha karibu mwaka mzima.

Kilinunuliwa Nairobi, pale Luthuli, kikiwa kimeshatumika, kwa shilingi 5,500 kutoka mfuko wa kwaya. Kiasi hicho sitakisahau, maana risiti yake imesomwa kwa sauti katika mikutano mitatu. Nilikifunga kwenye sweta, nikakitia kwenye begi, nikapanda basi la asubuhi kurudi nyumbani. Ni karibu kilomita 370 kupitia Thika na Mwingi, na mnajua sote mambo yalivyo tukikaribia daraja la Tana: tunashuka, kitambulisho mkononi, mizigo inafunguliwa.

Askari aliyefungua begi langu alikuta kisanduku cha chuma chenye swichi ya kukanyaga juu, matundu mawili ubavuni na betri ndani. Hapa Garissa, baada ya yote tuliyoyapitia, sikumlaumu aliporudi hatua mbili nyuma. Akaniuliza, "Hiki ni nini?" Nikamjibu, "Afande, ni korasi." Akanitazama. Akasema, "Korasi ni wimbo. Hiki ni chuma."

Basi zima lilikuwa limejipanga kando ya barabara likinitazama, jua limeshapanda. Mama mmoja wa Kisomali, ambaye mtoto wake nilimfundisha darasa la sita, akapaza sauti: "Huyu ni maalim wetu! Maalim, mfungulie aone!" Nikafungua mahali pa betri kwa vidole, nikaitoa betri, nikamweleza kwamba waya wa gitaa unaingia upande huu na kutokea upande ule. Akakigeuzageuza, akakirudisha. Tukapanda basi. Mama yule akaniuliza njia yote iliyobaki kama kwaya yetu inalipa mishahara.

Lakini neno la yule askari lilinibaki. Korasi ni wimbo, hiki ni chuma. Alikuwa amegusa jambo lenyewe, na laiti ningelifikiria siku ile badala ya miezi kumi baadaye.

Sasa niwaeleze chuma hiki kinafanya nini. Niruhusuni nifundishe kidogo. Ndiyo kazi yangu.

Wachukueni mama wanane waimbe noti moja. Hakuna wawili watakaoimba sawasawa kabisa. Mmoja ataanza mapema kwa kiasi cha unywele, mwingine atachelewa, wa tatu atakuwa juu kidogo, wa nne chini kidogo. Sikio halisikii makosa. Linasikia upana. Hiyo ndiyo tofauti ya kwaya na mtu mmoja mwenye sauti kubwa. Mpe mwimbaji mmoja maikrofoni, mwongezee sauti mara nane, bado atakuwa mtu mmoja anayepiga kelele.

Waliotengeneza pedali ya korasi walitaka gitaa moja lisikike kama mawili au matatu. Kisanduku kinapokea sauti ya gitaa, kinatengeneza nakala yake, kinaichelewesha nakala hiyo kwa muda mfupi sana, tuseme kati ya sehemu 5 na 30 za elfu moja ya sekunde, kisha kinaichanganya na sauti ya kwanza. Ingekuwa hivyo tu, tungesikia mwangwi mfupi uliokauka. Ufundi uko hapa: ule uchelewaji hautulii. Unarefuka na kufupika, unarefuka na kufupika, na kila ukifanya hivyo nakala inapanda juu kidogo ya noti na kushuka chini kidogo.

Kwa nini ipande na kushuka? Simameni kando ya barabara ya Dadaab lori likipita huku dereva amebana honi. Likija kwenu honi iko juu, likishawapita inashuka, ingawa dereva hakubadilisha kitu. Umbali ukipungua, sauti hupanda; umbali ukiongezeka, hushuka. Pedali inafanya hivyo kwa nakala ya gitaa, inaisogeza karibu na mbali bila gitaa lenyewe kuondoka mahali pake.

Na ndani yake? Katika pedali za aina ya zamani mna kipande kidogo cha kielektroniki kilichobuniwa na wahandisi wawili wa kampuni ya Philips kule Uholanzi, Sangster na Teer, mwaka 1969. Walikipa jina la kikosi cha ndoo, na hakuna watu duniani wanaoweza kulielewa jina hilo kuliko sisi. Fikirieni watu wamejipanga kutoka mtoni Tana hadi kwenye tangi, kila mmoja anapokea ndoo na kumpa jirani yake. Mikono ikienda haraka, maji yanafika mapema. Mikono ikichoka, yanachelewa. Sauti ya gitaa inapita hivyo, kipande kwa kipande, kutoka mkono hadi mkono, na kisanduku kinawaambia wale wabeba ndoo: harakisheni kidogo, haya punguzeni, harakisheni tena. Pedali nyingi za siku hizi hutumia hesabu za kompyuta badala ya ndoo, lakini zinaiga jambo lile lile.

Korasi ya namna hii ilijulikana kwanza ndani ya amplifaya. Mwaka 1975 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa amplifaya yenye spika mbili, JC-120. Spika moja ilitoa gitaa kama lilivyo, nyingine ikatoa nakala inayoyumba, na hizo mbili zikachanganyikia hewani kabla ya kufika sikioni. Mwaka uliofuata wakautoa ufundi huo kwenye amplifaya na kuutia kwenye kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, BOSS CE-1. Kilikuwa kikubwa na kizito, cha kuchomeka moja kwa moja kwenye stima. Mwaka 1979 kikaja kidogo, CE-2, chenye nobu mbili tu. Chetu si hicho. Chetu ni nakala ya bei nafuu, na kinafanya kazi.

Hapa nataka kumjibu mzee wetu mmoja, kwa heshima zote, aliyesema katika mkutano wa kwanza kwamba sauti ya kuyumba ni ya vilabu vya usiku na haina nafasi madhabahuni. Mzee, sauti ya kuyumba ilipitia kanisani mapema sana. Laurens Hammond wa Chicago alitoa ogani yake ya umeme mwaka 1935, na wateja wake wakubwa walikuwa makanisa yasiyoweza kununua ogani ya mabomba. Miaka michache baadaye Donald Leslie wa California akaona ile ogani inatoa sauti iliyonyooka mno, iliyokufa. Akatengeneza kabati la spika lenye honi inayozunguka ndani, ili sauti ije na kwenda kama honi ya lile lori. Hammond mwenyewe hakulipenda kabati hilo na kampuni yake ilikataa kuliuza. Makanisa ya Wamarekani weusi yalilipenda, na mpaka leo ukisikia ogani ya kwaya za injili za Marekani, ile inayotetemeka na kupanda, ndiyo hiyo. Pedali za gitaa za kuyumbisha sauti, nyingi zake, zilianza kama jaribio la kubeba lile kabati kwa mkono mmoja.

Ziko ndugu zake, nizitaje haraka. Tremolo haigusi noti, inapandisha na kushusha ukubwa wa sauti tu. Vibrato inatoa nakala inayoyumba peke yake bila ile sauti ya kwanza, kwa hiyo noti nzima inapepea. Feza inakata vipande vya sauti na kuvihamisha, unasikia kama upepo unazunguka. Ile ya MXR iliyoitwa Phase 90, ya mwaka 1974, ilikuwa na nobu moja peke yake. Flenja ni jamaa ya korasi yenye uchelewaji mfupi zaidi, inavuma kama ndege inayopita juu. Jimi Hendrix alitumia kisanduku cha Kijapani kilichoitwa Uni-Vibe pale Woodstock mwaka 1969. Vyote hivi watu huviita kwa jina moja, pedali za modulesheni, maana yake kuna kitu ndani kinachobadilisha sauti kwa mzunguko usiokoma.

Na msidhani gitaa la umeme ni geni katika upande huu wa nchi. Majirani zetu walikuwa nalo vizuri. Mogadishu ya miaka ya 1980 ilikuwa na bendi kama Dur-Dur na Iftin, zenye gitaa, kinanda, ngoma na waimbaji hodari. Vita vya 1991 vikawatawanya wanamuziki hao, lakini miaka ya karibuni rekodi zao zimetolewa upya na watu wa mbali wananunua. Mwenye duka karibu na nyumba yangu huzipiga kwenye simu jioni. Mpiga gitaa wetu amewahi kusimama pale kwa nusu saa, sukari aliyotumwa kununua ikiwa mkononi.

Basi. Ugomvi.

Wanakwaya wa zamani mnajua kwamba hesabu ya kwaya hii haijawahi kutulia. Wengi wetu ni walimu, wauguzi, askari na wafanyakazi wa serikali tuliotoka kaunti nyingine. Barua ya uhamisho ikija, kesho unafunga godoro. Baada ya tarehe 2 Aprili 2015, siku waliyouawa vijana wetu pale chuo kikuu, daftari la mahudhurio ninalolishika linaonyesha wanakwaya 9. Tisa. Nalitazama ukurasa ule hadi leo. Tukapanda polepole hadi 31. Halafu Januari ya mwaka wa pedali, uhamisho ukachukua watu 17 kwa mwezi mmoja, wakiwemo tena wanne kati ya sita.

Tulibaki 14, na pedali mpya.

Mpiga gitaa alipoiwasha mara ya kwanza, tulipiga makofi. Gitaa lilijaa kanisa lote. Kila mtu alihisi kwamba lile pengo la watu 17 limezibwa. Jumapili iliyofuata akazungusha nobu kidogo zaidi, na iliyofuata zaidi tena. Nisiwadanganye, hakufanya peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwonyesha ishara kutoka mstari wa besi: ongeza, ongeza. Kufikia Pasaka nobu zote mbili zilikuwa zimefika mwisho.

Mama yetu wa alto, mmoja wa walioanzisha kwaya hii, na yuko hapa mbele na amenipa ruhusa ya kusema haya, aliniambia mwezi wa Machi, "Mwanangu, sijisikii." Nikadhani anaumwa, nikampa pole. Akasema, "Siumwi. Sijisikii nikiimba." Tukamsogezea spika. Aprili akarudia. Mwalimu wa kwaya akamwambia kwa upole labda apimwe masikio. Mei, mbele ya watu, kijana mmoja alisema alto inashuka na inatuvuta chini. Hakumtaja mtu, lakini alto walikuwa watatu. Juni Mama hakuja mazoezini. Julai hakuja. Na mimi katibu nikaandika kwenye daftari, wiki kwa wiki, "udhuru." Udhuru upi? Sikuuliza.

Agosti tulialikwa kuimba Mwingi. Nyinyi mliotualika mlitupigia makofi, Mungu awabariki, mna roho nzuri. Njiani kurudi kijana wetu mmoja akacheza rekodi aliyoifanya kwa simu. Basi lilinyamaza. Alto walikuwa chini, ni kweli. Tena nao walikuwa chini. Soprano walikuwa juu. Kila sauti ilikuwa imeshika noti yake binafsi, na katikati gitaa linapepea kama bendera. Mama hakuwepo siku hiyo. Nani sasa alikuwa akituvuta chini?

Jumamosi iliyofuata mimi na mpiga gitaa tulibaki kanisani baada ya mazoezi. Tulifungua kwenye simu programu ya kutuni, ile yenye mshale unaosimama katikati noti ikiwa sahihi. Akapiga waya wa tano, la, pedali ikiwa imezimwa. Mshale ukasimama. Akawasha pedali, nobu zote mwisho. Mshale ukaanza kwenda kulia na kushoto, kulia na kushoto, kama mtu aliyetoka kulewa anatafuta mlango. Tukatazamana. Tukarudia mara tano.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwimbaji hachukui noti hewani, anaichukua kutoka kwa chombo. Chombo kikimpa noti inayotembea, anayumba nayo. Mwenye sikio changa anayumba bila kujua na anafurahi. Mwenye sikio lililokomaa, aliyeimba miaka 25 na anajua la iko wapi, anasikia kwamba noti haipo mahali pake, anaitafuta, anaikosa, na sauti yake mwenyewe inapotea katikati ya nakala za gitaa. Ongezeni paa letu la mabati, linalorudisha kila sauti mara mbili tatu kabla haijafa. Chumba kinachovuma hivyo kina korasi yake tayari. Tulikuwa tumemwaga maji mtoni.

Na lile nililotaka kusema tangu mwanzo ni hili. Kisanduku kile kinaiga kwaya. Kinachukua kitu kimoja na kujifanya ni wengi. Penye gitaa moja na mwimbaji mmoja, kinasaidia sana. Penye kwaya ya kweli, hata ya watu 14, kinagombea nafasi ile ile ya sikio na wale watu 14, na kwa kuwa chenyewe kina amplifaya, kinashinda. Tuliyemwondoa ili kisikike ni Mama.

Tulienda nyumbani kwake Jumapili jioni, mimi na mpiga gitaa. Tulikaribishwa chai. Nilikuwa nimeandaa maneno, sikuyamaliza. Mpiga gitaa alitoa simu akamwonyesha ule mshale, maana yeye si mtu wa maneno. Mama akautazama muda mrefu. Akasema, "Mimi sikusema mashine ni mbaya. Nilisema sijisikii." Kisha akatuuliza kwa nini imechukua miezi mitano. Nikamwambia ukweli, kwamba tuliogopa kusikika tulivyo wachache. Akanijibu, "Sisi tulianza tukiwa sita, na gitaa halikuwepo." Halafu akaongeza chai.

Alirudi kwa sharti moja: asimame karibu na pedali. Jumamosi hiyo tulifanya hivi. Mama aliimba alto ya wimbo wa kuingilia, peke yake, pole pole. Mpiga gitaa akapiga kodi za wimbo ule huku nobu zikiwa sifuri, akaanza kuzungusha kidogo kidogo. Mama alipoanza kujitafuta, aliinua mkono. Mpiga gitaa akarudisha nyuma kidogo, akaacha pale. Tulifanya hivyo kwa nobu ya kasi, kisha ya kina. Siku ya pili tulirudia, mkono ukainuka mahali pale pale. Mjukuu wake alikuwa na rangi ya kucha, nyekundu. Tukaweka nukta mbili. Anayetaka kuziona aje baada ya kikao. Kasi iko mahali penye namba 8 kwenye uso wa saa, kina mahali penye 9. Mtu akisikiliza kwa mbali anaweza kusema pedali imezimwa. Ukiizima kweli ndipo unajua ilikuwapo.

Tulikubaliana pia mambo mengine, nayo kamati imeyaandika. Wakati wa kutoa noti kabla ya wimbo, pedali inazimwa, bila majadiliano. Beti za kwanza zenye maneno mapya kwa waumini, inazimwa. Kodi ndefu za taratibu, kama nyimbo za meza ya Bwana, hapo inawashwa na inapendeza kweli. Solo za mwendo wa kasi, zile vijana mnazozipenda za mtindo wa soukous, kila mmoja ana maoni yake. Mpiga gitaa anasema zing'ae kidogo. Mimi nasema noti za haraka chini ya mabati zinatosha kuchanganyikana zenyewe. Tumekubaliana kutokubaliana, na kwa kuwa mguu ni wake, ameshinda. Gitaa la besi halipitishwi humo kamwe. Besi ndiyo sakafu tunayosimamia.

Kuhusu mpangilio wa nyaya, maana vijana huuliza: tuna yetu moja tu, lakini zikija nyingine, kutoka kwenye gitaa inatangulia ya kutuni, kisha ya kukwaruza sauti kama ipo, kisha hii ya kuyumbisha, mwisho ya mwangwi. Ukiweka ya kuyumbisha kabla ya ya kukwaruza si dhambi, wako wanaoipenda, ila sauti huwa nzito na yenye matope.

Kisha jua na vumbi. Garissa si Nairobi. Gitaa likiachwa dirishani tangu ibada ya kwanza, kufikia ibada ya pili nyaya zimelegea kwa joto na hakuna kisanduku kitakachorekebisha hilo. Tunieni upya baada ya kila mahubiri. Vumbi linaingia kwenye nobu. Mkisikia zinakwaruza mnapozizungusha, msizizungushe kwa nguvu, mleteeni fundi azipulizie dawa ya kusafisha vifaa vya umeme, si mafuta ya kupikia. Nasema hivyo kwa sababu mtu alijaribu. Sitamtaja, ameoa juzi.

Stima yetu mnaijua. Ikipotea na kurudi kwa kishindo, adapta ndiyo inayoumia kwanza, kwa hiyo ichomoeni mara tu taa zinapozimika, na msiirudishe mpaka taa zitulie. Adapta ni ya volti 9, na hasi iko katikati ya ncha. Ile ya redio ya mzee haiingii hata kama inaingia. Mpeni mtu asome maandishi yaliyo nyuma yake kwanza. Adapta isitumike pamoja na kinanda, ndiyo sababu ya ule mlio wa nyuki mliokuwa mkiusikia wakati wa sala. Tukiwa na jenereta, tumieni betri. Na betri inaliwa kila wakati waya wa gitaa ukiwa umechomekwa upande wa kuingilia, hata kama hakuna anayepiga na taa nyekundu imezimwa. Ukimaliza kupiga, chomoa waya. Tumenunua betri nne kwa sababu ya waya mmoja kusahauliwa usiku kucha.

Nimalizie, mwenyekiti ameanza kuitazama saa.

Wengi mmeshasikia kwamba mpiga gitaa wetu amepata barua. Mwisho wa muhula anaondoka kwenda magharibi, karibu na nyumbani kwao, na tunamfurahia ingawa nyuso zetu hazionyeshi. Gitaa lake ataondoka nalo, ni lake. Pedali ni ya kwaya, inabaki. Kijana wetu wa kidato cha tatu amekuwa akijifunza naye tangu Januari kwa gitaa la kuazima, na kamati imekubali kuchangisha kununua gitaa la kanisa. Bahasha ziko kwa mweka hazina. Kijana aliniuliza wiki iliyopita kama anaweza kuzisogeza zile nukta nyekundu sasa kwa kuwa tumefika 22. Nilimwambia aende amuulize Mama. Alienda. Jumamosi hii baada ya mazoezi, yeye na Mama watabaki kanisani na ile rangi ya kucha, na alto wapya wawili wameombwa wabaki pia.

Funguo za kabati ninazo mimi. Betri mpya iko droo ya pili, nyuma ya vitabu vya tenzi.